Mshono wa Tatu

Mama yangu ni fundi wa kuchomelea, na wengi wanaomfahamu hawalijui jina lake la kuzaliwa. Wanamwita Mama Magamba. Jina hilo hakupewa na mtu, alilichoma mwenyewe: mshono wake hulala juu ya chuma kama ubavu wa samaki, gamba juu ya gamba, yote saizi moja, hata wateja huupitishia kidole kabla ya kuuliza bei.

Kwenye karakana yetu kila kiungo kilipita mishono mitatu. Wa kwanza wa kushika, wa pili wa kujaza, wa tatu wa kupamba. Mageti, ngazi, matangi ya maji, vyote vilitoka mlangoni kwetu vimevaa. Fundi mwingine angeweza kushika na kujaza, lakini kupamba kulikuwa kwetu. Na katika kupamba, mimi mwanawe nilikuwa nimeshampita. Sioni haya kulisema kwa sababu yeye mwenyewe alilisema, mkono begani kwangu, mbele ya wateja: "Mimi napika tu. Anayepakua ni huyu."

Kwa hiyo kiwanda cha maziwa kilipotuagiza tangi la stenlesi, chuma kile cheupe kisichoshika kutu, sikutaka mshono wa tatu uguswe na mtu mwingine. Lilikuwa tangi letu la kwanza la aina hiyo. Mama alishika, akajaza, kisha akainua kofia yake ya kuchomelea na kukitazama chuma kwa muda.

"Hiki sijakizoea," alisema. "Naona kama tungekiacha hivi."

"Mama, wewe ni Magamba. Utampelekea mteja tangi liko uchi?"

Akacheka. "Haya, livishe. Lakini usikae nalo kama bibi harusi."

Nilikaa nalo siku mbili. Nilikwenda polepole, tochi ya kuchomelea ikiyumba kushoto na kulia, mshono mpana kama dole gumba. Pembeni mwa moto chuma kilichanua rangi, dhahabu, zambarau, buluu, na rangi hizo nikaziacha vilevile. Kuzifuta niliona ni kama kumvua mtu mkufu.

Miezi minane baadaye meneja wa kiwanda alikuja mwenyewe. Alikuwa mama mrefu, hana maneno mengi, na siku hiyo alikuwa bado na buti nyeupe za kiwandani miguuni.

"Mama Magamba," alisema, "tangi lako linavuja."

Tulipofika kiwandani tulimkuta tayari yule fundi wa karakana inayotazamana na yetu. Watu humwita Kioo kwa sababu kila anachokichomelea hukisugua kwa grenda mpaka ujione ndani yake. Alikuwa ameegemea ukuta, mikono mfukoni, kama mtu aliyealikwa karamu.

Niliingiza kichwa kwenye mlango wa tangi na kuwasha kurunzi. Magamba yangu yalikuwa yanang'aa, hakuna hata moja lililopungua. Lakini pembeni mwa mshono, nafasi ya nusu kidole huku na nusu kidole huku, palikuwa na mstari wa kahawia. Ulinyooka kama umepigwa kwa rula, na ulikuwa unaufuata mshono kila ulikokwenda, kama mbwa anavyomfuata mwenyewe. Mahali pamoja mstari ule ulikuwa umepasuka, ufa mwembamba kama unywele, na nilipozunguka nje nikaona tone la maziwa likining'inia hapohapo.

"Chuma feki hicho," Kioo alisema. "Mama Magamba kauziwa masufuria."

"Funga mdomo, mzee wa kusugua," nilimjibu. "Wewe geti lako la mwisho ulilisugua mpaka likabaki karatasi."

"Angalau karatasi haivuji maziwa, mwanangu."

"Tulieni nyote wawili," meneja alisema. "Chuma nilinunua mimi, na mabati ya matangi mengine sita yako stoo, aina hiyohiyo. Siwezi kuyarudisha. Ninachotaka ni fundi wa kuyachomelea yasioze." Akamgeukia Mama. "Mshono huu aliuchomelea nani?"

Nilifungua mdomo. Mama alinitangulia.

"Mimi. Si jina langu liko mlangoni?"

Na mimi nikanyamaza. Mimi, ambaye sinyamazi kwa mtu, nilinyamaza nimesimama pale na kurunzi mkononi.

Meneja alitoa shauri lake. Kila karakana ingechukua kipande cha bati lake, ikikate, ikiunganishe, na kukipeleka kwa Mpimaji wa chuo cha ufundi. Huyo angekichemsha kwenye asidi kutwa kucha, halafu akikunje. Ambaye kipande chake hakipasuki angepewa matangi yote sita. "Na huu mshono wa tangi bovu," alimaliza, "nitaukata niutundike ofisini. Wenye viwanda wenzangu wakiniuliza fundi wa kumkwepa, nitawaonyesha." Alilisema bila hasira, kama mtu anayesoma orodha. Siku ya kukunja ilikuwa Ijumaa ya wiki iliyofuata.

Nyumbani Mama alinawa mikono kwa sabuni ya unga, kama kila siku, kucha moja baada ya nyingine.

"Kwa nini ulisema ni wewe?" nilimuuliza.

"Ikija sifa jina ni langu, napokea. Likija tusi nimpe nani?" Akajifuta kwa taulo. "Mimi sikuulizi kitu, baba. Wewe nitafutie kilichotokea."

Kesho yake nilipata kwa meneja kipande cha lile tangi, upana wa kiganja, nikaenda chuoni nikiwa nimejaa moto. Nilitaka Mpimaji aniandikie kwamba chuma ni feki. Basi.

Mpimaji alikuwa mtu mpana, mwenye sauti ndogo, na maabara yake yote ilikuwa imebandikwa karatasi zenye maandishi. Mizani iliandikwa MIZANI. Kabati liliandikwa KABATI. Hata kikombe chake cha chai kilikuwa na karatasi: KIKOMBE.

"Usije ukanywea kwenye kabati," nilisema.

"Unacheka," alinijibu, "lakini pembeni ya kikombe hicho kuna chupa ya asidi. Keti, kijana."

Nilimwambia kuwa chuma ni feki. Hakubisha. Alikata vipande viwili vyembamba kutoka kile changu. Cha kwanza, kutoka mahali ambapo kutu ilikuwa bado haijaingia, alikibana kwenye mashine ya kuvuta, akakivuta mpaka kikanyooka na kuwa chembamba kama ulimi, kisha kikakatika mbali kabisa na mshono.

"Umeona? Mshono una nguvu."

Kifua kilinivimba. "Nilijua."

"Subiri." Cha pili kilikuwa na ule mstari wa kahawia. Alikibana kwenye jiliwa, kile kibanio cha chuma cha mezani, akakisukuma kwa mkono. Hakutumia nyundo. Kipande kilikatika palepale kwenye mstari, kwa sauti ya biskuti kavu.

Aliniwekea kilichobaki chini ya hadubini. Niliona kitu kama sakafu ya vigae, kila kigae kimekaa na mwenzake. Lakini katikati ya kigae na kigae palikuwa na mtaro mweusi. Vigae vyenyewe vilikuwa vizima. Kilichokuwa kimeliwa ni mipaka.

"Hivyo vigae ni punje za chuma," Mpimaji alisema. "Sasa nisikilize. Stenlesi haishiki kutu kwa sababu ndani yake kuna kromiamu. Kromiamu inakitandazia chuma ngozi nyembamba, huwezi kuiona. Ukiikwaruza inaota tena. Ni mlinzi asiyelala."

"Hapa alilala."

"Hapa alitekwa. Ndani ya chuma hiki kuna kaboni pia, kidogo tu. Pale moto unapoyeyusha hapana taabu. Taabu ni pembeni, pale chuma kinapokuwa chekundu tu bila kuyeyuka. Kikikaa hivyo kwa muda, kaboni inatembea mpaka mipakani mwa punje, inaikamata kromiamu, wanashikana. Wakishashikana, ile kromiamu haina kazi nyingine tena. Mlinzi yuko harusini, geti liko wazi. Maziwa yakichacha kidogo, dawa ya kuoshea tangi ikipita, vyote vinaingilia hapo."

"Kwa hiyo chuma si feki."

"Chuma ni halali. Kimepikwa mno." Alinitazama. "Fundi alipita mara ngapi?"

"Tatu."

"Wa kwanza wa nini?"

"Wa kushika."

"Wa pili?"

"Wa kujaza."

"Na wa tatu?"

Nilikitazama kile kipande kilichokatika. "Wa kupamba," nilisema.

Hakucheka. Angecheka ningemchukia mpaka leo. Alichukua karatasi ndogo, akaandika neno moja, akaibandika kwenye kipande kilichokatika: PAMBO.

"Na hizi rangi?" niliuliza, nikionyesha ile buluu na dhahabu.

"Ngozi iliyoungua. Kuiacha ni kama kuacha kidonda bila kukisafisha." Akafunga hadubini. "Huyu fundi ni nani?"

"Ni mimi."

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema. Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata namba aliyokuwa akiitafuta. "Afadhali. Angekuwa mtu mwingine ungeanza kumbembeleza aache. Wewe utajiamuru tu."

Nilimsimulia Mama kila kitu nikiwa nimesimama. Alisikiliza mpaka mwisho, akachukua ndoo, akaigeuza, akaikalia.

"Kumbe tulikuwa tunamlisha mtu aliyeshiba," alisema. Kisha akauliza: "Wa pili nao je?"

"Bati ni jembamba. Mshono mmoja unatosha kushika na kujaza, ukipita sawa. Ampia za chini, yaani umeme kidogo, mwendo wa haraka, mstari mwembamba. Gesi ya kuzuia hewa juu, na gesi kwa nyuma. Kisha chuma kiachwe kipoe kabla ya kuendelea."

"Ukipita sawa," alirudia. "Basi tuone."

Kupita sawa kulinitesa kuliko nilivyodhani. Akili ilikuwa imeelewa, mkono haukutaka kusikia. Kila nilipowasha tochi kifundo changu kilianza kuyumba, kushoto, kulia, kutafuta gamba. Miaka saba niliufundisha kucheza, sasa naudai utembee kama askari. Kipande cha kwanza kilitoka kipana. Cha pili kilitoka kipana. Cha tatu nilikwenda mbio nikakitoboa.

"Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo," Mama alisema. "Mimi nimelea mkono wa ngoma."

Akachana kitambaa cha zamani, akanifunga kiwiko kwenye ukingo wa meza ili mkono usiweze kuyumba, uweze tu kuteleza mbele. Nilipinga. Nilimwambia mimi si mbuzi.

"Mbuzi hafungwi kiwiko. Teleza."

Chini ya mshono aliweka ubapa wa shaba ili unyonye joto. Alinunua brashi ya waya mpya, ya stenlesi, akaifunga uzi mwekundu kwenye mpini na kutangaza kwamba atakayeisugulia geti la chuma cha kawaida atasuguliwa yeye, maana vumbi la chuma kile likibaki juu ya stenlesi huota kutu kama mbegu. Na aliweka sheria nyingine aliyoitunga mwenyewe: nikimaliza urefu wa kidole, nazima. Yeye anavua glavu, anasogeza kiganja, na mpaka kiganja chake kiweze kulala juu ya chuma bila kuungua, siwashi tena. Tulikaa hivyo siku tatu. Nachomelea kidogo, nangoja. Nachomelea kidogo, nangoja. Kwa mtu kama mimi, kungoja ndiko kulikokuwa asidi.

Niliharibu vipande kumi na moja. Cha kumi na mbili, Jumatano mchana, nilimwambia afungue kitambaa. Nilishusha kofia, nikawasha, na mkono ukaenda. Haukuyumba. Niliona tone la chuma kilichoyeyuka likitangulia mbele yangu, dogo, jeupe, linang'aa kama jicho, nami nikalifuata tu. Tulipaka dawa ya kung'arisha stenlesi, tukaosha, na rangi kidogo iliyokuwepo ikaondoka. Kilichobaki kilikuwa mstari mwembamba kama uzi wa kushonea, wa kijivu, hauna gamba hata moja.

Mama aliupitishia kidole.

"Uko uchi," alisema, "kama ulivyoniambia." Lakini kidole hakukiondoa.

Alhamisi asubuhi vipande viwili viliingia kwenye asidi. Ijumaa asubuhi tulikuwa maabara wote: meneja na buti zake, Kioo na shati lililopigwa pasi, Mama, mimi. Vipande vilikuwa vimeshatolewa na kuoshwa, vimelala juu ya kitambaa. Chetu kilibandikwa A, cha Kioo B. Cha Kioo, hata baada ya kuchemka kutwa kucha, kilikuwa laini, na mshono hauonekani kabisa, ameusugua wote.

Kioo alikiinamia cha kwetu. "Mama Magamba, samaki wenu vipi? Mmemtoa magamba mkasahau kumpika?"

"Kupika ndiko kulikotuponza," Mama alisema.

Mpimaji alikuwa anaiandaa mashine yake. Nilijua kwamba nikingoja kidogo tu, huenda nisingehitaji kusema. Nikasema.

"Meneja, kabla hajakunja. Mshono wa juu kwenye tangi lako ni wangu. Mama alitaka kuuacha, nikamlazimisha. Chuma chako ni kizuri, yeye kazi yake ilikuwa nzuri, mimi ndiye niliyekiunguza. Ukitundika kile kipande, kiandike jina langu."

Meneja aliniangalia kwa makini. "Ungeweza kusema baada ya matokeo."

"Baada ya matokeo ingekuwa rahisi."

Mama hakugeuka. Niliona tu shingo yake ikinyooka.

Mpimaji alianza na B. Alikiweka kwenye mashine ya kukunjia, akasukuma wenzo taratibu. Kilikunjika vizuri mpaka robo, Kioo akaanza kutabasamu, halafu tukasikia ile sauti. Biskuti kavu. Ule mshono usioonekana ukaonekana: nyufa mbili, moja kila upande, zimeufuata kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Ulipita mara ngapi?" Mpimaji alimuuliza.

"Mara nne," Kioo alisema polepole. "Ili nipate nyama ya kusugua."

"Asidi haijali kioo," Mpimaji alisema, na akaandika kitu kwenye karatasi.

Kisha A. Mama alishika ukingo wa meza. Wenzo ulishuka. Robo. Nusu. Kipande kilijikunja kama mtu anayeinama kufunga kamba za viatu, kikazidi kuinama, miguu yake miwili ikakaribiana, ikasimama sambamba. Bomba la sinki lilidondosha tone. Mpimaji alikitoa, akakigeuza mgongo juu, akakipitishia kioo cha kukuzia huku na huku, mara mbili, mara tatu. Akakipitishia ukucha.

"Hamna kitu," alisema.

"Hamna kitu kivipi?" meneja aliuliza.

"Hamna ufa. Hamna mtaro. Mshono una nguvu na pembeni yake pana nguvu." Akabandika karatasi yake, na siku hiyo sikuicheka: MZIMA.

Nilitaka kuruka. Nilitaka kuinyanyua meza ile na mizani yake. Nilimtazama Mama, na Mama alikuwa anakitazama kile kipande kilichokunjwa kama mzazi anavyomtazama mwanawe aliyefaulu, kwa kiburi kisichojificha.

"Matangi sita," meneja alisema. "Na lile la kwanza mtalikata pale palipoungua, mlitie bati jipya. Mnaanza lini?"

"Jumatatu," Mama alisema.

Kioo alitusubiri mlangoni. Mikono haikuwa mfukoni. Alikohoa. "Mlipita mara ngapi?"

Mimi nilikuwa na jibu la kumkata. Mama alinikanyaga mguu.

"Mara moja," alimwambia. "Njoo Jumatatu uone. Ila uje na brashi mpya, hiyo yako ya mageti usinipitishie mlangoni."

Alikuja. Alisimama nyuma yetu asubuhi nzima bila kusema neno, na hilo nalo liliushangaza mtaa.

Matangi yote saba niliyachomelea mimi, na Mama alikuwa kando yangu na kiganja chake, kidole kwa kidole, wiki kwa wiki. Yalipofika kiwandani watu waliyapita bila kugeuka. Hakuna aliyeupitishia mshono kidole. Ni mstari tu.

Miezi minane baadaye niliomba ruhusa siku ya kuoshwa matangi. Mfanyakazi alinifungulia lile la kwanza, lile tulilolikata na kulitibu, nikaingia mzima mzima na kurunzi yangu. Nilipiga magoti nikaufuata mshono kutoka chini mpaka juu. Nusu kidole huku, nusu kidole huku. Nilipitisha kitambaa cheupe pembeni mwake, mzunguko mzima, nikakileta kwenye mwanga.

Kilikuwa cheupe.

Nilisimama katikati ya tangi lile lisilo na gamba hata moja, nikavuta pumzi, nikaita kwa sauti yangu yote: "Mama Magamba." Na chuma kile, kizima pande zote, kikalipokea jina hilo, kikalirudisha, kikalirudisha tena, mpaka mfanyakazi akachungulia mlangoni kuuliza humo ndani tuko wangapi.